Alipo Mtoto Hatutapasoma

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo, ambaye hata mama aliyemzaa alimwita Fundi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1995, akasoma shule ya mtaani kwetu, akaishia kidato cha pili, si kwa ujinga, ila alikuwa akiwapindia walimu sketi wakati wa hesabu, mpaka mwalimu mkuu akasema mpeni cherehani huyu, kalamu inamchelewesha.

Akafungua kibanda cha kushona sare, akamsomesha mdogo wake aliyeandika haya, na mwaka 2017 akaolewa na dereva wa lori, wakajaliwa binti mmoja. Ndoa ile, tusifichane, ilikuwa ya ngumi, alimvunja taya, akamchoma mgongo kwa pasi yake mwenyewe ya kazi, akaapa akimkimbia atamfuata hata ajifiche shimo la panya, nanyi shemeji zetu mliopo hapa mkamwambia vumilia, ndoa ni ndoano.

Mwaka jana akatoroka na mtoto, akahamia mji ambao hata mama hakuambiwa, ila ofisi ya usajili iliambiwa, kwa kuwa bila anwani mpya shule haimpokei mtoto, akamsihi karani asimwonyeshe mtu, karani akacheka, "Dada, umeweka kwa serikali, kalale." Mume akaenda tawi la huku kwetu na picha ya harusi, akalia kwamba mke na mtoto wamempotea, na karani wa huku, kwa huruma tu, akamgeuzia kioo cha kompyuta, "Shemeji, usilie, soma mwenyewe."

Akasoma. Asubuhi ya tarehe 14 Juni alivunja mlango kwa nondo, dada akamsukumia mtoto chini ya meza ya kukatia vitambaa, akasimama mbele na mkasi, akamchana mkono, lakini nondo ni nondo, ikamshukia begani, kichwani, kichwani tena, naye hakubanduka pale mezani mpaka majirani walipoingia na mawe, mume akaruka dirishani, hajakamatwa hadi leo, na mdogo wa marehemu, huyu aliyeandika haya, anayenyonyesha, analala kabati likiwa limeegemezwa mlangoni.

Dada alifariki hospitalini tarehe 17, akiuliza mtoto yuko wapi.

Tunawashukuru madaktari waliomshona mshonaji, majirani wa mawe, mafundi wenzake waliomshonea gauni alilovaa, na ofisi ya usajili kwa shada la maua, tumelipokea, ila tungefurahi zaidi mngetuambia kile kioo hakigeuzwi tena, maana anwani mpya ya mtoto imo humo humo.

Desturi inataka sasa tuseme mtoto aliyeachwa analelewa na nani, wapi. Ameacha mtoto mmoja. Shemeji, msiulize, na mama, ukiulizwa, usijibu.

Pumzika kwa amani, Fundi wetu, atakayeuliza ulipolala wewe tutamwonyesha, atakayeuliza anapolala mwanao atatukuta mabubu.