Siku Niliyosema Kweli Mbele ya Uwanja wa Kilindoni

Bwana apewe sifa, wapendwa! Sijasikia. Apewe sifa! Na ninyi mama zangu mliotoka Utende, mliokaa benchi la nyuma na mitandio yenu, asalaam aleikum. Msijali wanaowageukia. Nimewaalika mimi, na Mchungaji anajua.

Naitwa Rehema, yule msusi mwenye saluni karibu na soko. Nimepewa dakika kumi. Kuna mzee mmoja humu aliomba nisipewe hata moja, maana leo nitataja rap ndani ya nyumba ya Mungu. Nitaitaja! Anayetaka kutoka, mlango uko wazi.

Ndugu zangu, kabla sijaja kisiwa hiki nilikuwa nachana mistari kule Morogoro. Nilikuwa mzuri, sitajishusha. Nilipookoka, niliambiwa muziki ule ni wa shetani, nikachoma daftari langu la mistari nyuma ya nyumba ya mama yangu. Watu wakapiga makofi. Tangu siku ile nikawa mtu wa kunyamaza. Nikionewa, nanyamaza. Jirani akionewa, nanyamaza. Nikauita ukimya ule utakatifu. Haukuwa utakatifu, ulikuwa woga uliovaa kitenge cha kanisani!

Mume wangu Elia alipopata kazi ya umeme kwenye hoteli mpya inayojengwa upande wa Utende, tukahamia Mafia na watoto wetu wawili. Mnaijua hoteli ninayoisema. Siitaji jina.

Siku moja nilikwenda Utende kumsuka bibi harusi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nilipokaribia nyumba ya harusi nikawaona kina mama watatu wanatoka ufukweni na mafungu ya mwani kichwani, wanapita njia yao ileile ya kwenda kwenye chanja za kuanikia. Wakakuta uzio wa seng'enge wa hoteli umekatiza njia. Haukuwapo jana yake. Aliyetangulia alikuwa Bi Zuhura, yule pale mwenye mtandio wa kijani. Akamwambia mlinzi kwa upole, "Baba, tufungulie tupite, mwani unaharibika." Mlinzi akamsukuma kifuani. Bi Zuhura akaangukia nguzo. Nguzo yenyewe ilikuwa mbichi, imechimbiwa juu juu, ikang'oka na waya ukamchana kiganja. Nikaiona damu ikichuruzika juu ya mwani.

Nilifanya nini, mimi niliyeokoka? Niliingia ndani kusuka nywele!

Mchana akaja askari anauliza nyumba hadi nyumba. Akaniuliza, "Wewe dada, umeona nini?" Nikajibu, "Nilikuwa ndani nasuka, afande. Sikuona kitu." Nilimfikiria Elia na kazi yake. Nilifikiria ada za watoto. Kesho yake kina mama wale watatu wakashitakiwa kwa kuharibu mali ya hoteli.

Ndugu zangu, sikulala vizuri tena. Nilikuwa nakuja hapa naimba pambio, lakini ndani nimekauka.

Basi kuna kijana wa watu anaitwa Shabani, dereva wa bodaboda, mzaliwa wa hapa hapa, anachana kuliko wengi wa redioni. Yeye na wenzake wakaamua kufanya tamasha la hip-hop uwanja wa mpira, mchana kweupe, ili watu wachangie wakili wa kina mama wale. Kiingilio ni ulichojaaliwa, hata nazi. Akaja saluni kwangu.

"Dada Rehema, nimekusikia ukisuka unajiimbia mistari. Panda na sisi. Tukiwa Waislamu watupu watasema ni fujo za wenyeji. Tunataka kisiwa kizima."

Nikamwambia, "Mimi nimeokoka, Shabani."

Akacheka kwa uchungu. "Kwani kuokoka ni kuziba mdomo?"

Nilimfukuza. Lakini neno lile lilinifuata mpaka jikoni. Jumamosi nikapanda gari nikaenda kwa Bi Zuhura, nimebeba sukari na aibu yangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanikaribisha jamvini, mkono wake umefungwa bendeji. Kabla sijafungua kinywa akasema:

"Nilikuona siku ile, mwanangu. Ulikuwa na mfuko wa rasta mkononi. Askari aliponiuliza nani mwingine alikuwapo, sikukutaja. Mumeo anafanya kazi kwao, na una watoto."

Wapendwa! Mwanamke asiyesali na mimi, niliyemwacha akivuja damu, ndiye aliyekuwa ananilinda! Nililia pale jamvini kama mtoto. Ninawaambia bila kificho, Mungu alinishika katika nyumba ya Mwislamu. Mtu asiyependa hilo amuulize Mungu mwenyewe.

Nilirudi nikamweleza Elia yote. Akaviringisha kipande cha waya kidoleni, akakiviringua. Mwisho akasema, "Watanifukuza." Nikasema, "Najua." Akasema, "Basi sema. Lakini ukianza usirudi nyuma, Mama Yona. Usinifukuzishe kazi kwa nusu ya ukweli."

Nikamtafuta Shabani nikamwambia nitapanda. Siku ya tamasha ilifika. Kibali tulikuwa nacho. Humu kanisani kwetu wengine walisema ni uhuni, na msikitini wengine walisema vilevile. Siku hiyo tu ndipo walipokubaliana! Mwenye spika za kukodi akaghairi asubuhi ile, amepigiwa simu na mtu. Ndipo nesi Grace, kiongozi wa kwaya hii, akapakia spika za kwaya kwenye bajaji akazileta uwanjani, amevaa sare zake za kazi. Akasema, "Atakayeuliza, mwambieni nimezichukua mimi."

Tulianza baada ya Alasiri. Shehe kijana akaomba dua, nesi Grace akaomba kwa jina la Yesu, watu wote wakaitikia amina, amin, kila mmoja kwa namna yake. Walikuwapo wavuvi, walimu wa kutoka bara, wauza samaki, manesi. Pembeni ya uwanja gari la hoteli lilisimama, msimamizi wa Elia anapiga picha kila anayepanda jukwaani.

Shabani akaniita. Nikamtazama yule msimamizi, nikanyoosha mtandio wangu vizuri ili picha itoke safi, nikachana:

Niliulizwa umeona nini, nikajibu sikuona,
Macho yangu haya mawili, tena kweupe mchana!
Bi Zuhura hakung'oa nguzo, alisukumwa, damu niliiona,
Andikeni jina langu, Rehema, siogopi tena!

Uwanja ulilipuka! Nikarudia mara tatu, mpaka mama wa Utende wakawa wanaimba na mimi ule mstari wa mwisho, kila mmoja anataja jina lake. Na mimi nikasikia kitu kimenitoka kifuani, kizito, kilichokaa miaka. Walioniombea kule Morogoro pepo la muziki linitoke wangekuwapo, wangeliona likikimbia!

Jumatatu nilikwenda kituoni nikaandika maelezo mapya. Jumanne Elia akafukuzwa. Mahakamani wakili wa upande wa pili aliniuliza, "Siyo wewe uliyesema hukuona?" Nikajibu, "Ni mimi. Nilidanganya kwa kuogopa. Leo siogopi." Kina mama wale wakaachiwa huru, wote watatu. Haleluya!

Msidhani mambo yamekwisha. Shauri la njia ile iliyozibwa bado linasikilizwa, na Elia sasa anatengeneza feni na redio barazani kwetu. Tumeonja ugumu. Lakini tunakula ugali wetu tukitazamana machoni.

Namshukuru Mungu wa mbinguni. Nawashukuru ninyi mama zangu. Ndugu zangu, kama kuna jambo uliloliona ukasema hukuliona, mtumaini Mungu, ulitoe leo, mapema kabla halijakuozesha. Atakushika. Ijumaa kina mama wanapita njia ile na mwani wao, waya uwepo, usiwepo. Mimi natembea nao. Saa mbili asubuhi, tunakutana ufukweni Utende. Nani anakuja? Simameni niwaone!