Alama za Mizinga Zilizofutika Chumbani Kwetu

Mgeni rasmi, Mama Marietha Antipasi, Mwenyekiti wa Jumuiya ya Wafuga Nyuki Nta Njema. Wajumbe wa bodi mliofuatana naye. Wazee wetu wa Mwankoko, nanyi mliotoka Ikungi na Ihanja kwa baiskeli: wakubwa wote shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

KARIBU KWANZA

Tunakukaribisha kwa furaha na, hatukufichi, kwa hofu pia. Chai imeshamiminwa na maandazi yako mbele yako. Tunakuomba ule sasa, maana tukifika ukurasa wa tatu huenda hamu ikakuisha.

Risala hii tumeiandika pamoja, watu kumi na wanane. Anayeisoma ni katibu wetu, Hajira Mselemu, ambaye unamfahamu kwa kuwa Jumuiya yako imemwajiri miezi minne sasa kuwa mpiga chapa. Humu ndani atajitaja kwa jina lake kama anayemsema mtu mwingine. Usishangae. Maneno ni ya kikundi, yeye ametuazima sauti tu, na sababu ya kumchagua yeye utaisikia.

TULIVYOANZA

Kikundi cha Ulizana kilizaliwa mwaka 2004, wakati kompyuta za mitumba zilipoanza kuingia Singida kama zilivyoingia redio na baiskeli. Nyingi zilikuja tupu, hazina hata programu ya kuziwasha. Ile programu ya kununua ilikuwa bei ya ng'ombe, na ya kunakili ilikuwa na virusi vingi kuliko mbu wa bwawani. Ndipo Mughwai, fundi redio wa hapa Mwankoko, aliposikia habari za Linux, programu huria ambayo mtu anaruhusiwa kuipata bure, kuifungua tumboni na kumgawia jirani. Aliandika barua ng'ambo. Baada ya wiki saba CD kumi zikafika katika sanduku lake la posta, na yeye akazibeba ndani ya kofia mpaka nyumbani.

Kupata CD ni jambo moja, kujua kuitumia ni jingine. Hakuna aliyekuwa mwalimu. Tulichokuwa nacho ni kuulizana, na jina la kikundi likatoka hapo.

Tukajiwekea kanuni. Anayesaidia hufunga mikono nyuma. Anasema kwa mdomo, na mwenye mashine anabonyeza mwenyewe, ili kesho asirudi kuuliza lilelile. Swali na jibu huandikwa katika daftari kubwa la kikundi. Na anayekosea huliandika kosa lake kwa mkono wake, halafu Jumamosi analisoma mbele ya wote, mstari kwa mstari, bila kuruka, ili mwingine asitumbukie shimo lilelile. Kanuni hiyo ya mwisho imewatoa watu machozi, lakini hakuna aliyewahi kuikwepa.

Wewe Mama ndiye uliyetupa chumba hiki, kilichokuwa stoo ya ndoo za nta. Mpaka leo kinanukia asali, na sisimizi wanaingia kwenye kibodi kana kwamba nao wamejiandikisha. Tunakushukuru sana.

TULIYOYAWEZA

Tumefufua kompyuta thelathini na moja, na daftari sasa ni la nne. Esta, mwalimu wa Ihanja, anachapa mitihani bila kusafiri mpaka mjini. Joseph wa Ikungi alijifunza hapa, na sasa wanaomuuliza yeye ni wengi kuliko wanaotuuliza sisi. Hatusemi kwa majivuno.

Lakini mwanachama tuliyejivunia kuliko wote alikuwa mumeo, marehemu Mzee Antipasi. Alijiunga akiwa na miaka sitini na minane. Swali lake la kwanza liko daftari la pili: "Nawezaje kukuza herufi, macho yangu yamechoka lakini mimi sijachoka?" Aliyemjibu ni Hajira. Alikaa nyuma ya kiti chake, mikono nyuma, jioni tatu kwa wiki, huku mzee akitafuta herufi kwa kidole kimoja. Akiikosa anasema, "Hajira, hii M wameihamisha." Naye anajibu, "Ipo palepale babu, angalia chini kulia."

Kidole hicho kimoja ndicho kilichoingiza alama za mizinga. Wageni wengine huenda hawajui: kila ukoo huchoma alama yake kwenye mzinga wa gogo, na msimu wa kurina ndiyo inayosema asali ni ya nani. Mzee alizunguka miaka sita, akianza kabla hajajiunga nasi, akizipiga picha na kuandika majina, koo mia mbili na kumi na nne. Tangu orodha hiyo iwepo, hakuna aliyeshikiana panga na jirani yake kwa ajili ya mzinga. Mwaka jana Mungu alimchukua, na orodha ikabaki katika kompyuta ya Jumuiya.

LILILOTUKUTA

Mama, hapa ndipo ukurasa wa tatu. Tunakuomba usinyanyuke mpaka tumalize.

Mwezi wa tano ulituletea kompyuta hiyo kwa mkono wa karani wako, Philipo, kwa sababu virusi vilikuwa vimeilemea. Ulisema isafishwe na kuwekwa Linux kama zetu. Jumanne ya tarehe 15 Philipo akaketi kwenye kibodi. Hajira akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, daftari likiwa wazi mezani katika ukurasa alioandika Mughwai.

Ukurasa ule ulikuwa mzuri. Umetumika mara ishirini na tisa bila kosa. Ila uliandikwa kwa ajili ya kompyuta za mitumba zinazokuja tupu, na hatua ya sita inasema: chagua kufuta diski yote.

Hajira akasoma kama ilivyoandikwa. Philipo akageuka.

"Yote?"

"Yote. Daftari ndivyo linavyosema."

Philipo akabonyeza.

Hajira anatuambia kwamba alihesabu labda pumzi nne, kisha akakumbuka. Mashine hii haikuja tupu. Ilikuwa na miaka sita ya mzee ndani yake, na mara zote ishirini na tisa hakuna aliyewahi kuhitaji kunakili kitu kwanza. Mikono yake ilitaka kuruka. Ikabaki mgongoni. Miaka mitatu ya kanuni iliishika kama kamba.

"Philipo, chomoa!"

"Nichomoe nini?"

"Waya! Chomoa waya!"

Nyaya zilikuwa tatu, zote nyeusi. Philipo akavuta wa kwanza, feni ya mezani ikasimama. Akavuta wa pili, kioo kikawa giza. Wote wawili wakaketi sakafuni. Philipo akasema, "Alhamdulillahi," yeye Mkristo, na Hajira akaitikia. Wakakaa hivyo robo saa nzima wakishukuru, mpaka Hajira alipotulia kiasi cha kusikia. Chini ya meza boksi la mashine lilikuwa bado linanguruma. Walikuwa wamezima feni na kioo tu. Kazi ya kufuta na kuandika juu yake iliendelea gizani wakati wao wakimshukuru Mungu.

Safari hii Hajira hakumngoja Philipo. Alivunja kanuni, akaung'oa waya wa tatu kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ile hakurudi nyumbani kwa njia ya kawaida. Alizunguka nyuma ya kisima ili asipite mlangoni pako. Dada yake Rukaya, ambaye naye ni mwanachama, anasema Hajira alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote, wala hakugundua. Tangu hapo amekuwa akikuandikia barua zako kila siku na kukuamkia kila asubuhi, na wewe ukimjibu marahaba mwanangu. Hiyo marahaba ndiyo imemkondesha.

Na sisi tulimwongezea mzigo. Mara tatu ulimtuma Philipo aulize kompyuta imefikia wapi, mara tatu tukamrudisha na jibu kwamba virusi ni vigumu. Si kweli. Virusi vilikufa siku ya kwanza pamoja na kila kitu. Tulikudanganya, Mama, kwa woga. Philipo asilaumiwe, jibu tulimtia mdomoni sisi.

TULICHOKWISHA FANYA

Joseph alikwenda mjini kwenye duka la intaneti akaandika swali letu panapoulizana watumiaji wa Linux wa dunia nzima. Jibu la kwanza lilitutukana kwa kutokuwa na nakala. Tulistahili. La pili, la mtu tusiyemjua wala hatutamjua, lilisema: msiiandike tena diski hiyo hata herufi moja, itoeni, na akatutajia programu ya kuokota mabaki. Esta akatutafsiria. Diski ikafungwa kwenye kanga na kuwekwa kabatini kwa Hajira, na kila tulipoitoa tuliishika kama yai.

Tumeokota picha tisini na saba. Ila programu inaleta picha bila jina. Tunayo alama ya jembe na nyota, tunayo ya miguu mitatu ya kuku, hatujui ni za ukoo gani. Mwenzetu Luqmani na Esta wameanza kupita vijijini kwa baiskeli. Ihanja peke yake wametambua thelathini na nane. Kwingine watu wanne wanadai alama moja, na hapo ndipo usingizi unapotupaa, maana kurina hakuko mbali.

Ukurasa wa Mughwai umeandikwa upya. Kabla ya hatua ya kwanza sasa ipo nyingine, kwa wino mwekundu: uliza ndani kuna nini, na ni cha nani. Kosa lenyewe Hajira ameliandika daftarini, na kanuni inamtaka alisome mbele ya wote. Kwa kuwa aliyeumizwa ni wewe, tuliona halina maana likisomwa bila wewe kuwepo. Ndiyo sababu tumekualika, na ndiyo sababu anasoma yeye.

TUNAYOKUOMBA

Kwanza, tunaomba msamaha. Hatuna namna ya kulipamba neno hilo.

Pili, na hili tumelijadili Jumamosi tatu bila kupata wa kulisema. Mzee alipokuwa safarini aliandika katika vidaftari vya mfukoni kabla ya kuja kuchapa. Tunajua, tuliviona. Tunasikia vitu vyake viko katika sanduku la bati chumbani kwako, na kwamba tangu arobaini hujalifungua. Hatuna haki ya kukuomba ulifungue. Tunakuomba hata hivyo. Kama vidaftari vimo, majina yamo. Ukipenda tutakuja wawili tu, Esta na Rukaya, tukae kimya, wewe usome na sisi tuandike. Na kama huwezi, tutazunguka vijiji vyote kwa miguu yetu, wala hatutakuuliza tena.

Tatu. Hajira, ombi hili hulijui. Katika rasimu yako maombi yaliishia mawili. Mughwai ameliandika asubuhi hii ulipokwenda kumpokea mgeni, na sote kumi na saba tumetia sahihi chini. Kanuni unaijua: kilichoandikwa hakirukwi. Soma.

Mama Marietha, katika pochi ya katibu wetu kuna bahasha ya kaki yenye jina lako. Ni barua ya kuacha kazi. Rukaya alimwona akiichapa siku ya Alhamisi, akaifuta na kuichapa mara tano. Amepanga kukukabidhi baada ya chai, akiamini kwamba hilo ndilo litakalokutuliza. Hapana anayemfukuza, anajifukuza mwenyewe, kwa sababu hawezi tena kuipokea ile marahaba.

Tunakuomba usiipokee barua hiyo. Kosa ni la ukurasa wetu, ni la kanuni yetu ya mikono nyuma, na ni la watu kumi na wanane ambao hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutoa nakala. Ukitaka mtu wa kuadhibu, chumba ni chako na funguo hizi hapa mezani, tutatoka. Lakini huyu mwache kazini. Ukifungua sanduku lile, mwandiko wa mumeo ni mbaya, Mama, nawe unajua. Duniani amebaki mtu mmoja anayeweza kuusoma wote, kwa kuwa alikaa nyuma ya kiti chake miaka miwili akimsomea.

Ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Tunadhani sasa hivi analia. Kama sauti imemkatika, Rukaya aje ammalizie.

Mungu amrehemu Mzee Antipasi, akupe wewe nguvu ya kufanya utakaloona ni jema, na awafikishe salama nyumbani wote waliokuja kutusikiliza.

Ni sisi, watu kumi na wanane,
Kikundi cha Ulizana,
Mwankoko, Singida.
Jumamosi, 16 Juni 2007