Kinyozi Aliyekizunguka Kiti Chake

Baba yetu mpendwa, ambaye mtaani wengi mlimwita Fundi Kwanini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi matofali na mshona magodoro, na wa kwanza kati ya watoto wao kukua. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba alipozaliwa hakulia. Alitazama tu watu waliokuwamo chumbani, mmoja baada ya mwingine, kama aliyefika kwenye nyumba ya wageni, mpaka mkunga alipompiga kofi la makalio ndipo akakumbuka kilichomleta.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 akamaliza darasa la saba mwaka 1965. Jina la Kwanini alilipata huko. Siku moja mwalimu wa sayansi alifundisha kwamba nywele ni kitu kisicho na uhai. Baba akanyoosha mkono, akauliza, “Mwalimu, kama zimekufa, mbona zinakua?” Alitolewa nje. Alipenda kutuambia kwamba jibu hakupewa, na kwamba aliingia kwenye unyozi ili akalitafute mwenyewe.

Unyozi alifundishwa na baba yake mdogo, akianza kwa kufagia nywele na kunoa nyembe. Mwezi Februari 1978 alifungua chumba chake, kile mnachokijua, kati ya duka la rangi na banda la fundi viatu. Humo aliweka kioo kimoja kikubwa, benchi la wanaosubiri, na kiti cha chuma chenye ngozi nyeusi kilichozunguka. Kiti alikinunua kwa kinyozi aliyekuwa anastaafu, na hakuna kitu alichojivunia zaidi, labda sisi wanawe, na hata hapo sina hakika. Kila aliyekaa juu yake aliulizwa maswali. Fundi bomba aliulizwa maji yanajuaje njia ya kupanda ghorofani. Dereva wa gari la maiti aliulizwa kama huwa anafungulia redio. (Alisema hufungulia, ila sauti ya chini.)

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 6 Desemba 1980. Mama wakati huo aliuza vitambaa. Aliyewakutanisha ni mjomba wetu, mdogo wake mama, ambaye ninyi mnamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Alikuwa mteja, na kwenye kiti alimtaja dada yake kila alipokosa la kusema. Baba akauliza hili, akauliza lile, anapenda nini, hapendi nini, mbona hajaolewa. Mwishowe Mjomba akamwambia, “Fundi, maswali yamezidi. Njoo umuulize mwenyewe.” Akaenda. Walijaliwa watoto watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba wetu ambaye ni muuguzi.

Mwezi Oktoba 2018 Baba alipatwa na kiharusi. Mkono wake ulirudi na maneno yakarudi, tunashukuru, lakini mguu wa kushoto ulibaki mzito. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimfikisha kwenye kutembea kwa fimbo, kisha akasema tumtafute mtu wa kuendelea kumfanyisha mazoezi. Sisi watoto tulikaa tukakubaliana kwamba chumba kirudishwe kwa mwenye nyumba na Baba apumzike. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nipeni mpaka mwaka ujao uishe. Nikishindwa kunyoa kichwa kimoja, mwanzo hadi mwisho, bila kumwegemea mteja, funguo nitazirudisha mwenyewe.” Hilo tukampa. Sikudhani angeweza.

Juu ya chumba chake kuna ukumbi wa mazoezi. Kwa miaka alikuwa akisikia vishindo kwenye dari bila kupanda kuuliza, kwa sababu saa za kazi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Mwezi Machi 2019 nilimshika mkono tukapanda ngazi, tukipumzika katikati. Mwalimu wa mazoezi tuliyempata huko ni mdogo kwa kitinda mimba wetu, na jina lake mpaka leo kwetu ni Kocha.

“Mzee wangu,” Kocha alimuuliza, “umekuja kutafuta nini?”

“Kwanza nataka kujua huwa mnaangusha nini.”

“Vyuma. Na baada ya hapo?”

“Baada ya hapo nataka kusimama.”

Kocha hakumpa chuma siku ile. Alitaka kwanza maelezo ya daktari, akampima presha, na tangu siku hiyo hakuanza zoezi lolote kabla ya kumpima. Baba alianza kwa kukaa kwenye kiti na kuinuka. Akaja akapanda kijukwaa na kushuka, akabeba ndoo za maji, akatembea kwa kisigino na kidole. Mimi nilikaa benchi la mlangoni na chupa ya maji, nikimwangalia midomo isije ikabadilika rangi. Siku moja Kocha alinigeukia akasema, “Mama, ukimwangalia hivyo na mimi presha inanipanda.”

Palikuwa na kazi ya kumzoesha. Ukuta mmoja wa ule ukumbi ni kioo kitupu, na kila Kocha alipomwambia ajitazame goti lake, Baba alitazama vichwa vya waliokuwa nyuma yake. “Yule kijana wa kona amenyolewa na nani? Mbona sikio moja limeachwa porini?” Ilibidi ageuzwe uso kwenye dirisha. Halafu hakufanya zoezi bila kuambiwa ni msuli gani unaofanya kazi, umeanzia wapi, umeishia wapi, na ukilala mwenzake anafanya nini. Akirudi nyumbani anamfundisha Mama mezani. Mama alisikiliza siku moja akasema, “Nimeishi na mtu huyu akikataa kuokota soksi zake miaka yote, leo anainama bila kuambiwa, na ananitajia jina la kilichoinama!”

Kufika Agosti alipanda ngazi bila fimbo. Mwezi uliofuata alifungua chumba chake na kumkalisha jirani yake, fundi viatu. Hakufika nusu ya kichwa. Mguu wa kushoto ulianza kutetemeka, na mkono wake ukatua kwenye bega la mteja. Fundi viatu akasema, “Endelea tu fundi, bega langu lipo.” Lakini Baba aliweka mkasi chini. Kesho yake alijaribu tena, ikawa vilevile. Juu anabeba ndoo ya maji kila mkono, chini hawezi kusimama na kitana. Tulijiuliza sote. Hata Kocha alijiuliza. Mjomba akamtania, “Shemeji, basi wateja wakunyolee hukohuko juu.” Baba, ambaye huwa hakosi jibu kwa shemeji yake, alikunja tu shuka la kunyolea. Hapo niliogopa kuliko siku ya kiharusi.

Kocha akashuka. Hakuwahi kuingia mle chumba kikiwa wazi. Alikaa kwenye kiti akamwambia, “Ninyoe, ila bila mkasi. Nionyeshe tu.” Baba akaanza kunyoa hewa. Alipomaliza upande wa kulia, aliinua paja lake la kulia akakisukuma kiti, kiti kikazunguka, na Kocha akajikuta anatazamana na benchi la wateja. Kisha akaangalia sakafuni, palipokuwa na vishimo viwili kwenye saruji, vya ukubwa wa nyayo.

“Mzee, hapa pamefanya nini?”

“Hapo ndipo ninaposimama.”

“Na upande wa pili wa kichwa unaufikiaje?”

“Si unakuja wenyewe? Kiti kinazunguka, mwanangu. Mimi niende wapi?”

Kocha alishuka kwenye kiti, akapiga goti, akamshika Baba magoti yote mawili. Yalikuwa yamekazwa kama miguu ya meza. Akatueleza kwa utaratibu, na mimi naeleza hapa kwa sababu wengi mmekuwa mkiuliza. Kule juu Baba alikuwa akisogea, na mguu mgonjwa ulikuwa unapata zamu ya kupumzika. Huku chini alikuwa amesimama pale pale kama alivyozoea tangu ujana, na kila alipotaka kukizungusha kiti aliinua mguu mzima, akauachia ule mgonjwa kubeba mwili wote. Mazoezi hayakuwa na kosa. Kilichomwangusha ni kiti alichokipenda.

“Kuanzia leo,” Kocha akasema, “mteja anakaa, kinyozi anazunguka.”

Baba alikataa. “Kiti hiki nilikinunua kwa sababu kinazunguka!” Walibishana mpaka fundi viatu akaja kusikiliza. Mwishowe Baba aliuliza, “Nikizunguka mimi, ni msuli gani utakaofanya kazi?” Kocha akamtajia, akamwekea kidole ubavuni mwa nyonga. Baba akapabonyeza, akapaacha, akapabonyeza tena. Jioni ile mdogo wangu alikuja na spana akaikaza nati iliyo chini ya kiti, na ndiyo maana mpaka leo hakizunguki. Hakikuharibika, kama wengine walivyosema.

Alianza upya kama mwanafunzi. Alijikwaa kwenye ubao wa kuwekea miguu, akajifunga waya wa mashine kiunoni mara kadhaa. Lakini alikuja nyumbani siku ya kwanza uso umemchangamka. “Mama Mkubwa,” aliniambia, ndivyo alivyoniita tangu nimzae mwanangu wa kwanza, “unajua ng'ambo ya barabara kuna mtu anafuga njiwa juu ya paa?” Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa ameupa mlango mgongo, uso kwenye kioo. Sasa kila akizunguka kichwa anatazama nje, na wapita njia nao wakaanza kuulizwa maswali.

Desemba ilifika, na hakuna aliyetaka kukaa chini ya wembe wa mtu mwenye mguu mmoja na nusu. Siwalaumu. Tarehe 18, Jumatano asubuhi, aliingia Mjomba Redio akakaa kwenye kiti bila kuitwa.

“Shemeji, nyoa. Upara mzima. Nikifa, dada yangu atakudai kichwa.”

“Nikikukata ulimi nitashukuriwa na mtaa mzima. Nyamaza.”

Akanyamaza. Sijawahi kumsikia Mjomba amenyamaza kiasi kile, hata kanisani hawezi. Baba alipaka povu akaanza kuzunguka. Tulisikia wembe na viatu vyake tu. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto mguu ulitetemeka. Mimi nikainuka benchini, na Kocha, aliyesimama mlangoni, akanizuia kwa mkono. “Mwache, Mama.” Baba aliondoa wembe kwenye ngozi, akasogeza unyayo, akavuta pumzi, akaendelea. Akamaliza shingo, akapangusa, akakung'uta shuka.

Mjomba alijipapasa kichwa. “Umemaliza? Mbona sikukuhisi?”

“Sikukuegemea,” Baba akasema. “Ungenihisije?”

Mama, aliyekuwa amejificha kwa fundi viatu kwa sababu hakutaka kuona, alisikia kelele zetu akadhani mdogo wake amechinjwa.

Baada ya siku hiyo alifanya kazi kwa miaka minne na zaidi, asubuhi tu, na ngazi za ukumbi aliendelea kupanda. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2024 alianza kukosa pumzi. Daktari alisema moyo umechoka. Kocha alipunguza mazoezi mara moja, akabaki kumtembeza taratibu. Siku ya mwisho ya Aprili, bila kumwambia yeyote, Baba alimnyoa mteja wake wa mwisho, akafagia, akapeleka funguo kwa mwenye nyumba. Tulimuuliza ni nani aliyemshauri. Akasema, “Hakuna. Nilitaka tu wa kuzirudisha niwe mimi.”

Nimesikia watu wakiulizana msibani kama mazoezi hayakuwa mzigo kwa mtu wa umri wake. Swali ni halali, na marehemu angelipenda. Tulimpelekea daktari, naye alijibu mbele yetu na mbele ya Kocha: ugonjwa wa moyo ulikuwapo kabla ya kiharusi, na mazoezi aliyoyafanya kwa kipimo yalimsaidia kuishi nao. Naomba liishie hapo.

Alilazwa Juni 7. Kocha alikuja kumwona, na Baba akamshika mkono akauweka chini ya mbavu zake. “Mwanangu, msuli huu hukunifundisha. Unaitwaje?”

“Kiwambo, Mzee. Ndio unaovuta pumzi.”

Akavuta, akasikiliza, akaachia. “Na huu unafanya kazi hata nikilala?”

“Hata ukilala.”

“Hebu ona,” akasema, na akaufuatilia hivyo kwa muda, mkono juu ya mbavu, uso wa mtu anayejifunza.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, Mama akiwa pembeni yake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mke, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu sita, dada mmoja, shemeji yake Redio, ambaye tangu juzi hajasema neno, na Kocha, ambaye alitaka kukaa nyuma na wageni, nasi tukamleta mbele akae na familia.

Umesimama vya kutosha, Baba. Sasa pumzika, na iwe kwa amani.