Mbuzi Niliyemwacha Altareni

Mbuzi mmoja, maua yote ya altare, nauli ya basi na ya pikipiki, pamoja na ndala ya mguu wa kushoto iliyozama kwenye tope la Busunzu na haijaonekana hadi leo. Hiyo ndiyo gharama ya mimi kusalimiana na kaka yangu. Nimejumlisha mara mbili, ndugu zangu wa jumuiya, mnanijua. Nimesimama mbele yenu kwa sababu habari hii mmeshaisikia sokoni, na habari za sokoni hutiwa chumvi.

Mama yetu alifariki mwaka 2012, kule Busunzu kwa kaka. Mimi nilitoka hapa Kasulu, nikapewa kazi ya kutafuta jeneza. Fundi akataja bei yake, nikataja yangu, tukavutana. Sikuwa na haraka. Bei ya kwanza huwa siilipi, hata ya kiberiti. Niliporudi na jeneza mvua ilikuwa imeshashuka, kaburi lina maji, waombolezaji wamelowa, wamejibanza migombani. Kaka akasema mbele ya watu wote, "Mama umembishania bei kama kuku."

Tulizika, nikapanda gari siku hiyohiyo, matanga nikayaacha nyuma yangu.

Sasa ninyi mnaijua salamu yetu Waha. Tunashikana mikono, tunapiga makofi, tunaulizana watoto, mbuzi, mihogo, na mgeni akipita hudhani tunagawana urithi. Mtu akikunyima salamu hiyo, kijiji kizima kinasikia. Kaka alininyima, nami nikamnyima. Nilipougua homa ya matumbo nikalazwa, kila mlango wa wodi ulipofunguliwa niligeuza shingo. Hakuja. Nikajifariji kwamba mwenye kosa ni yeye, maana yeye ndiye aliyenitukana hadharani.

Ikafika Jumapili moja mwaka huu wa 2014, zamu ya jumuiya yetu kupeleka matoleo. Mkaniagiza mbuzi. Mnadani nikampata mama mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. "Papa, huyu iko na mimba," akaniambia. Nikamjibu kwamba mbuzi wote wa mnadani wana mimba mpaka mtu akishalipa. Nikashusha bei hadi akaacha kunitazama usoni.

Injili ya siku ile naifahamu tangu mafundisho ya komunyo: ukileta sadaka yako altareni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda kwanza ukapatane naye. Ila siku ile niliisikiliza kama masharti ya mauziano, nikashangaa. Haisemi mimi nikiwa na neno juu yake. Inasema yeye akiwa na neno juu yangu. Nani ana haki, hata haiulizi. Nikatafuta mwanya wa kuponyokea, nikaukosa. Halafu inasema sadaka iachwe palepale, na mimi katika maisha yangu yote sijaona mtu aliyeiacha. Nikaanza kujiuliza: hivi mtu akifanya vilevile ilivyoandikwa, kunatokea nini?

Mlikuwapo. Kwaya inaimba, ninyi na ndizi na maharage, mimi na kamba mkononi. Nilipofika mbele nikamfunga mbuzi kwenye mguu wa benchi.

"Mlete," padri akaniambia kwa sauti ya chini.

"Baba, namwacha hapa. Naenda kupatana na kaka yangu, nikirudi nitamtoa."

"Kaka yako yuko wapi?"

"Busunzu."

"Busunzu ya Kibondo? Si ungengoja Misa iishe?"

"Baba, umesoma mwenyewe. Imeandikwa *kwanza*."

Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Basi mfunge vizuri."

Sikumfunga vizuri. Ndiyo hayo maua aliyoyala.

Nilifika Busunzu asubuhi ya pili, mguu mmoja peku. Kaka alikuwa uani anapepeta maharage. Shemeji aliponiona akaingia ndani, akauacha mlango wazi apate kusikia.

"Mwakeye," nikamwamkia. Akaendelea kupepeta. "Mwakeye, kaka."

"Umekuja na bei gani?"

"Sina bei. Nimeacha mbuzi kanisani, siwezi kumtoa mpaka nipatane nawe."

Ungo ukasimama. "Mbuzi gani?"

"Wa matoleo."

"Amefungwa wapi?"

"Kwenye benchi la mbele."

"Nani anamlisha?"

"Sikuuliza."

"Wewe ni mtu wa ajabu. Jike au dume?"

"Jike."

"Umemnunua kiasi gani?" Nikamtajia. Akapiga mluzi. "Hata mbuzi wa Mungu?"

"Kaka, ni mama aliyenifundisha. Akinituma sokoni aliniambia, ukilipa bei ya kwanza usirudi nyumbani."

Akarudia kupepeta, ingawa maharage yale yalikuwa yameshatakata. Mwishowe akasema, "Lile jeneza. Mama angesema ulipunjwa."

Tukacheka, kisha tukawa hatucheki tena. Akaweka ungo chini, akanishika mikono yote miwili hadi viwikoni, akaanza: watoto je, shemeji je, ile homa ilikuachia lini. Kumbe alisikia. Tulisalimiana mpaka uji alioleta shemeji ukapoa.

Mvua ikafunga njia, nikakaa naye zaidi ya wiki, tukalipalilia kaburi la mama. Niliporudi, katekista alikuwa amemhamishia mbuzi nyumbani kwake, na nyuma ya mbuzi kuna vitoto viwili. Yule mama Mkongomani alisema kweli.

Nawashukuru: padri aliyeniruhusu, mke wa katekista aliyekata majani ya mbuzi asiye wake, shemeji aliyeacha mlango wazi. Nililojifunza ni dogo. Miaka yote nilikuwa naisikia Injili huku naiombea punguzo. Mara moja tu nimeilipa kwa bei iliyotajwa, na nimerudi na kaka. Yule pale, karibu na mlango.

Sasa naomba ushauri. Mbuzi mama ni wa altare, hilo halina ubishi. Kitoto kimoja kaka anasema tukilee, kikikua tukichinje Busunzu, tumalize matanga niliyoyakimbia. Cha pili mke wangu anasema kiende Nyarugusu, maana nililipia mbuzi mmoja nikaondoka na watatu. Akina mama wanaopamba altare nao wanadai maua yao. Nimepiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili nabaki na kamba. Hebu nitazamieni, ndugu zangu, kama nimekosea mahali.