Mama Ndoo, Aliyehamishia Kikao Bombani

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ndoo hata jina la kwenye cheti mkalisahau, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi hapa mtaani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1980 akahitimu chuo cha maendeleo ya jamii. Utotoni alikuwa na maswali mno, hadi babu akawa anampa peremende anyamaze. Peremende alizila, na maswali akaendelea nayo.

Mwaka 1983 aliajiriwa na ofisi ya maji ya bonde la mto. Huko alimpata fundi bomba, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985. Baba husema hajawahi kushinda mjadala nyumbani, lakini hakuna jambo lililoamuliwa bila yeye kuulizwa.

Kiangazi cha 1994 ofisi ilipanga mgawo mpya: sisi wa mitaa ya chini tufunguliwe maji usiku wa manane tu, mchana yaende mashamba ya juu. Wananchi waliitwa ukumbini saa tatu asubuhi watoe maoni. Hakuja hata mmoja. Meneja akasema, "Basi, hawana neno. Tupitishe."

Mama aliomba wamsubiri, akatoka mbio hadi bombani. Akawakuta wote kwenye foleni.

"Jamani, mbona hamkuja?"

Muuza mboga akamjibu, "Dada, niache ndoo yangu nije kusikiliza habari za maji? Na hayo maji utanichotea wewe?"

Mama alicheka hadi akajishika kiuno. Akarudi kumweleza meneja, na kesho yake kikao kizima kilihamia bombani. Meneja na suti yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na foleni iliposogea naye alisogea. Tumpe haki yake, hakununa. Yeye ndiye aliyeomba kikao kijacho kiwe hapohapo. Ikakubaliwa tupate maji alfajiri na jioni, mashamba yapate mchana. Muuza mboga na mwenzake wa foleni wakaingia bodi ya bonde, tena kwa viti vya kupiga kura, siyo vya kupiga makofi. Mama aliulinda utaratibu huo hadi alipostaafu mwaka 2018.

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua. Madaktari walipokuwa wakimjadili miguuni pa kitanda, aliwaambia, "Wanangu, mimi niko huku juu." Alifariki tarehe 2 Juni 2023, baba akiwa amemshika mkono. Ametuachia pengo, na tunamlilia.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba na dada mmoja.

Sisi wanawe tulipanga mazishi saa tatu asubuhi. Muuza mboga alipokuja kutupa pole, akauliza taratibu, "Watu wa bombani mmewauliza?" Tukaenda kuuliza, nao wakasema asubuhi wako sokoni na vibaruani. Ndiyo maana tumekutana saa kumi jioni, na ndiyo maana mmejaa hivi.

Pumzika kwa amani, Mama. Tuliuliza.