Pikapu ya Eliasi Haichaji

Mbele ya banda la kahawa la Hamisa, pale Masuguru, pikapu ya Eliasi ilikuwa imezimika tangu saa nne asubuhi. Betri amebadilisha mbili ndani ya wiki, na taa nyekundu bado inawaka. Vijana wa kijiweni wameisukuma, ikawaka, ikafika kona, ikafa. Na leo ndiyo siku Bi Agripina, mama mkwe wake wa Lutindi, aliyeikataa ndoa ya Eliasi na binti yake Rosina kwa miaka minne, amekubali kufuatwa aje kumwona mjukuu. Alisema atamsubiri hadi saa saba, akipitiliza anarudi shambani. Sasa saa nane kasoro, na simu yake haipatikani.

— Betri ina kiu, alisema Mzee Sabiri, anayeitwa Dizeli kwa kuendesha matrekta ya mkonge enzi zake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tia maji.

— Nimetia, mzee.

— Basi hukuisifia.

— Hiyo ni redio, alidakia Muhidini, ambaye wanamwita Profesa na darasa la saba hakumaliza. Stesheni iko Dar. Kuivuta mpaka Korogwe unadhani inakula umeme kiasi gani?

— Redio ni mbovu tangu mwaka jana, Profesa.

— Ndiyo hatari yenyewe. Inavuta na haipati.

— Funga betri ya tatu pembeni ya hii, akashauri Dizeli. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Tuma bodaboda imfuate, alisema Hamisa.

— Mama mkwe umtumie bodaboda? Eliasi alishika kichwa. Niliahidi kwenda mwenyewe, dada. Hapo nimekwisha.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mama mwenye kikapu, vumbi hadi kwenye nyusi. Eliasi akainuka: ni Bi Agripina. Yeye akaiendea pikapu, boneti li wazi.

— Ina nini?

— Haichaji, mama, waliitika wote.

— Mkanda unaozungusha altaneta ya kuchaji betri, nani kaukagua?

Dizeli akachungulia kikombe chake. Mama, mjane wa dereva wa lori, akaubonyeza mkanda kwa kidole. Ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo.

— Hapa hata ufunge betri kumi. Ninyi wazee, ukazeni.

— Nisamehe, mama, alisema Eliasi. Shikamoo.

— Marahaba, mwanangu. Nilipoona hutokei, nikapanda bodaboda nije mwenyewe. Pokea kikapu, unipeleke kwa mjukuu wangu.

Eliasi akakipokea kwa mikono miwili. Tangu amuoe Rosina, ndiyo kwanza salamu yake inaitikiwa.