Salamu ya Mkono Uliolala: Bi. Naima Isihaka Anastaafu

Leo, tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Naima Isihaka atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na minne ya kuwainua, kuwageuza na kuwagombeza watu wa Mbeya na Iringa waliopigwa na kiharusi, walioumia uti wa mgongo, na watoto wenye mtindio wa ubongo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, walivyosema wenzangu, mimi ndiye niliyegombezwa zaidi. Sibishi.

Alizaliwa Mbeya, binti wa mfanyabiashara wa vitenge aliyetarajia kumrithisha duka. Duka akaliacha, akasomea fiziotherapia, akaajiriwa mwaka 1991 hukohuko Mbeya. Marehemu baba yake alikuwa akiwatania wateja kwamba binti yake naye kazi yake ni kukunjua, ila yeye anakunjua watu. Mwaka 2004 akahamia Iringa, hapa kwenye Kituo chetu cha Utengamao Ipogolo, na Kihehe akafundishwa na wagonjwa. Mpaka leo "kamwene" yake, ile salamu ya Kihehe, ina lafudhi ya sokoni Mbeya, na wapo wazee wanaodai kwamba hiyo ndiyo iliyowaponya.

Asiyeijua kazi yetu hudhani ni kukanda na kuvuta. Ndiyo maana kila mtumishi mpya wa kituo hiki amewahi kulazwa kitandani na Bi. Naima na kuambiwa ajifanye gunia la viazi. Anakuwekea kiganja kimoja chini ya bega, kingine kwenye nyonga, anatulia, na kabla hujaelewa kilichotokea umeshakaa. Ukiamka anakwambia: mkono wa mgonjwa si mpini. Bega lililopooza ukilivuta unaliumiza. Mwili unaombwa, hauburutwi.

Lakini kinachomtambulisha zaidi ni salamu. Huku kwetu mtu mwenye adabu humsalimia mkubwa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto huushika ule wa kulia karibu na kiwiko. Bi. Naima aliona humo zoezi zima: mkono mzima unaubeba ulio mgonjwa, kiwiliwili kinainama mbele, uzito unashuka miguuni, vidole vinatafuta vidole. Na anayepita haoni ugonjwa, anaona mtu mwenye heshima zake. Basi akaweka sheria kwamba hakuna kuingia chumba cha mazoezi bila kusalimia kwa mkono uliolala, na hakuna ruhusa ya kumsaidia mtu. Asubuhi foleni mlangoni huwa ndefu, na wanaolalamika ni sisi watumishi.

Wanaomfahamu mtaani watashangaa, maana nje ya geti la kituo Bi. Naima humsalimia mwanamume asiye ndugu yake kwa kuweka kiganja kifuani na kutabasamu. Shangazi yake, Bi. Mwanakhamisi, aliwahi kumhoji juu ya jambo hilo. Alijibu kwamba mkono wa mgonjwa ni kazi, na kazi ina geti lake. Shangazi akaridhika, kisha akaomba naye atazamwe goti.

Sasa nimfikie Mzee Kalinga wa Kilolo, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Kutembea alianza mapema. Kanisani ndiko alikokataa kurudi. Walutheri mnajua: ibada ikiisha watu hutoka wakiimba, wanajipanga mstari nje, na kila mmoja anampa mwenzake mkono. Mzee aliapa hatasimama kwenye mstari ule atoe mkono wa kushoto kama mtu asiyelelewa. Nyumbani nako, kwa kumpenda, wakamfichia aibu. Mkewe, Mama Lea, alimlisha kwa kijiko, na wajukuu wakafundishwa kumsalimia kwa kupiga goti tu, bila kumpa mkono. Heshima ilitimia, na mkono ukazidi kulala.

Siku aliyoletwa hapa, Bi. Naima alisimama mlangoni akamnyooshea mkono, akangoja. Mzee alidhani anachekwa. Aligeuka, akapanda gari la kurudi Kilolo. Siku ile Bi. Naima alishinda bila kutania mtu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Jumamosi akamfuata kwake, akaomba radhi kwamba alikosea kuanza kabla ya kueleza, akala viazi, kisha akaikalisha familia yote. Kijiko kirudi kwa mwenyewe, na wajukuu watoe mikono. Mama Lea alilia, akasema, "Mimi nilijua namtunza." Bi. Naima akamjibu, "Umemtunza, mama. Sasa mwache achoke kidogo."

Mzee akarudi Ipogolo. Kushika hakukuwa na shida. Vidole vyake vikishika vilikuwa vinang'ang'ania. Kazi ilikuwa kuachia. Wiki hadi wiki Bi. Naima alikaa pembeni yake akilituliza bega kwanza, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mkono, akimaliza na kidole gumba, na katikati ya hayo wakibishana kama viazi vya Kilolo vinashinda vya Mbeya.

Jumapili ya mwisho ya Mei tulialikwa Kilolo. Bi. Naima alisimama nje ya kanisa, mwisho wa mstari, na hijabu yake ya kijani. Mzee akatoka. Wa kwanza kumpa mkono alikuwa mchungaji. Mkono wa kushoto uliubeba wa kulia, ukafika, ukashika, na haukuachia. Watu wakakwama mpaka ndani ya kanisa. Mama Lea akasogea amfungue vidole, mzee akamwambia, "Acha, mama. Mwenyewe." Kwaya ikarudia kiitikio, ikakirudia tena, mchungaji amenaswa huku anacheka. Kisha vidole vikalegea, kimoja kimoja. Walioelewa wakapiga vigelegele, na wasioelewa wakapiga pia. Mzee alipofika kwa Bi. Naima jasho lilikuwa linamtiririka. Haikuwa siku ya kazi wala mahali pa kazi, lakini Bi. Naima alimpa mkono, na yeye anayetukataza kulia mbele ya wagonjwa alilia waziwazi. Tulipomtania kuhusu geti alisema ile ilikuwa zamu ya ziada.

Bi. Naima, tunakushukuru kwa mikono yako, na kwa hii yetu uliyoifundisha kusikiliza. Tunafurahi kwamba unarudi Mbeya kwenye duka la baba yako kukunjua vitenge, ambavyo angalau havitakubishia. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na wateja wakarimu.

Ndugu wageni, tukitoka ukumbini tutaimba na kujipanga mstari kama wanavyofanya Kilolo. Mzee Kalinga ndiye aliyeomba hivyo, na ndiye atakayetangulia. Kuanzia kesho wanaume tutasalimiwa kwa kiganja kifuani, lakini leo Bi. Naima bado yuko kazini. Mkiona mzee amemshika mkono na hajamwachia, msimsaidie wala msimharakishe. Nyuma yake tumesimama sisi, na sisi pia hatuna haraka ya kumwachia.

Adrian, Chumba cha Mazoezi